UZI: Kompyuta inakisia dawa na malighafi mpya kwa mamilioni. Nani atazipika na kuzipima?

#1. Kinu na Mchi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila wiki unaletwa uzi wa namna ileile: akili mnemba imevumbua dawa, akili mnemba imevumbua betri, saratani kwisha habari yake, lithiamu kwisha habari yake. Chini ya uzi watu wanagawanyika, hawa wanashangilia, wale wanasema ni uongo mtupu. Mimi kazi yangu ni maabara ya malighafi. Nasaga unga kwenye kinu, nauchoma kwenye tanuri usiku kucha, asubuhi nauweka kwenye mashine ya eksirei nione fuwele gani imetokea, yaani atomi zimejipanga vipi. Mwaka wa 11 huu. Naomba niseme ninavyoliona jambo hili nikiwa nimesimama mbele ya tanuri, maana nahisi anayeshangilia na anayebeza wote wanaliacha pembeni lile la maana.

Nianze na mahali ambapo shangwe ni halali kabisa: protini.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, mfano wa shanga zilizotungwa. Mnyororo ukishatengenezwa ndani ya seli hujikunja wenyewe mpaka upate umbo lake, na umbo ndilo linaloamua kazi. Shanga zenyewe tunajua kuzisoma moja baada ya nyingine tangu zamani. Mkunjo ndio uliotushinda. Mwaka 1969 Cyrus Levinthal alipiga hesabu akaonyesha kwamba protini ikijaribu kila mkunjo unaowezekana, umri wote wa ulimwengu hautatosha. Na bado ndani ya mwili nyingi hujikunja kabla hujafumba na kufumbua.

Ndiyo maana umbo moja lilikuwa kazi ya miaka. John Kendrew alipotoa umbo la mayoglobini, protini ya kwenye misuli, mwaka 1958 lilikuwa la kwanza duniani. Waliofuata nao walihangaika vilevile: ili uione protini kwa eksirei unaotesha fuwele yake, inagoma, unabadili chumvi, inagoma, unashusha joto, inaota kisha inayeyuka. Kuna watu shahada nzima ya uzamivu iliishia kwenye protini moja. Halafu ikaja 2020. Kuna shindano linaitwa CASP, lipo tangu 1994, linapima nani anakisia vizuri maumbo ambayo maabara imeshayapata lakini bado haijayatangaza. Programu ya AlphaFold 2 ya DeepMind, kampuni ya Google, ilipata alama ya kati ya 92.4 kwa 100. Mwaka 2022 wakaweka wazi, bure, maumbo zaidi ya milioni 200. Nobel ya Kemia ya 2024 nusu ikaenda kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa kazi hiyo, nusu kwa David Baker ambaye yeye anabuni protini ambazo hazijawahi kuwepo.

Sasa jiulizeni wakuu, mashine ile ilijifunzia wapi? Hifadhi ya maumbo ya protini, PDB, ilifunguliwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba. AlphaFold ilipofundishwa yalikuwamo yapata 170,000. Kila moja lina mtu aliyekesha nalo, limeandikwa kwa utaratibu mmoja, limekaguliwa, likaachwa wazi kwa yeyote. Miaka 50 ya akiba. Mashine ilikuta ghala limejaa.

Penye ghala la namna hiyo makisio ya mashine yanaaminika. Pasipo na ghala mashine hukisia kwa kujiamini kulekule, na msomaji hawezi kuona tofauti. Nitaendelea jioni, kuna sampuli inapoa.

#2. Bint Maarifa

Mkuu, ahsante, nimeelewa protini kwa mara ya kwanza tangu sekondari. Lakini upande wako wa malighafi je? Nilisoma kwamba DeepMind hiyohiyo ilipata fuwele mpya milioni 2.2, na kuna maabara ya roboti inazipika yenyewe bila binadamu. Hiyo nayo si imekwisha?

#3. Kinu na Mchi (mleta uzi)

Dada, hapo ndipo nilipotaka kufika.

Kazi yenyewe inaitwa GNoME, ilitoka Novemba 2023. Kompyuta ilipendekeza fuwele milioni 2.2, na kati ya hizo yapata 380,000 ikazihesabu kuwa imara, yaani hazitavunjika zikawa kitu kingine. Wiki ileile maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani ikatangaza A-Lab: mikono ya roboti inapima unga, inachanganya, inatia tanurini, inapiga eksirei, programu inasoma majibu na kuamua kipikwe nini tena. Siku 17, vitu 58 vya kupika, ikaripotiwa imepata 41.

Ni kazi kubwa na naiheshimu. Ningependa roboti ile ichukue zamu zangu za usiku. Lakini wanakemia wengine, akiwemo Robert Palgrave wa London na Leslie Schoop wa Princeton, walikaa na michoro ile ya eksirei mmoja mmoja, wakasema hawaoni hata kitu kimoja kipya mle. Sababu yao kubwa ni hii. Chukua fuwele yenye metali mbili. Kompyuta ilipanga kila metali kwenye viti vyake, safu hii ya huyu, safu ile ya yule. Kwenye tanuri lenye joto kali atomi za metali zinazofanana hazikai hivyo, zinachanganyikana viti ovyo. Kitu chenye viti vilivyochanganyika kilikuwa kinajulikana tayari. Kwa hiyo mashine ilipika kitu cha zamani ikakiita kwa jina jipya.

Ukitaka kujua kosa hilo lilivyo rahisi kutokea, ngoja nikupe la kwangu. Mwaka wa tatu kazini nilipata kilele kidogo kwenye nyuzi 35 na kidogo (za pembe, si za joto), kwenye mchoro wa eksirei, ambako kila kitu kina vilele vyake. Hakikuwa cha kitu chochote nilichotia. Nikarudia kupika, kikarudi. Nikaongeza muda tanurini, kikakua. Wiki tatu nilitembea nikijua nimepata fuwele ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Nikaanza na kuandika. Mzee mmoja wa maabara, fundi asiye na shahada, akaniuliza swali moja tu: bakuli lenyewe umelipima? Bakuli la kuchomea lilikuwa la alumina, aina ya kauri. Unga wangu ulikuwa unalila kidogo kidogo kila nilipochoma, na nikikwangua sampuli nakwangua na bakuli. Kilele kile kilikuwa cha bakuli. Ndiyo maana kilikua nilipoongeza muda.

Tangu siku ile, kila ninapoona tangazo, swali langu la kwanza ni la yule mzee.

Mnaikumbuka LK-99? Julai 2023, watafiti wa Korea Kusini walisema wamepata kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote kwenye joto la kawaida la chumba. Risasi, fosfori, oksijeni na shaba kidogo, hatua ya mwisho nyuzi 925. Video ya kipande kilichonyanyuka upande juu ya sumaku ikazunguka dunia nzima. Ukitazama mapishi yao utaona kuna salfa inaingia kupitia moja ya unga wa kuanzia. Salfa ikikutana na shaba inakuwa salfaidi ya shaba, na salfaidi hiyo kwenye nyuzi kama 104 hubadili mpangilio wake wa fuwele, ukinzani ukashuka ghafla. Mporomoko walioushangilia wale Wakorea ulikuwa kwenye joto hilohilo. Taasisi ya Max Planck ya Stuttgart ikaotesha fuwele safi isiyo na salfa kabisa: ikatoka ya zambarau, inapenya mwanga, na umeme haipitishi kabisa. Mpaka katikati ya Agosti jambo lilikuwa limefungwa.

Wengi walicheka. Mimi nilifurahi kwa dhati. Katika wiki chache, maabara za nchi mbalimbali zilipika kitu kilekile, zikapima, zikasema hapana, na kila mtu akaona kwa nini hapana. Sayansi ikifanya kazi vizuri inakuwa hivyo.

#4. Mtunza Data

Mkuu Kinu na Mchi, nakuheshimu lakini unaipunja akili mnemba. Mimi kazi yangu ni kufundisha modeli, yaani programu zinazojifunza kutokana na data. Naomba niweke mezani mambo ambayo hukuyataja.

Kwanza antibayotiki. Mwaka 2020 watu wa MIT walifundisha modeli kwa molekuli 2,335 tu zilizopimwa kama zinazuia bakteria wa E. coli. Wakaiambia ipitie hifadhi ya molekuli kama 6,000, ikatoa moja ambayo awali ilichunguzwa kwa ajili ya kisukari. Wakaiita halicin. Kwenye panya ikaua Acinetobacter sugu, bakteria ambayo hospitali zinaiogopa. Hakukuwa na ghala la miaka 50 hapo, kulikuwa na sahani 2,335.

Pili, sumu ya nyoka. Mpaka leo dawa ya kuumwa na nyoka inatokana na damu ya farasi au kondoo aliyedungwa sumu kidogo kidogo, njia iliyoanza miaka ya 1890. Januari 2025 kundi la Baker na wenzao wa Denmark walitoa protini zilizobuniwa na kompyuta tangu mwanzo, zinazoikamata sumu ya jamii ya fira. Panya waliopewa sumu ya kuua walipona kati ya asilimia 80 na 100, ikitegemea sumu ipi na dawa ipi.

Tatu, picha za matiti. Sweden walichukua wanawake 105,934, nusu picha zao zikasomwa na madaktari wawili kama kawaida, nusu zikapitia programu kwanza. Upande wa programu zilionekana saratani 338, upande wa kawaida 262, na kazi ya kusoma ikapungua asilimia 44. Hiyo ni programu iliyopimwa kwa binadamu halisi, kwa kura ya nani aingie kundi gani. Unataka ushahidi gani tena?

#5. Kinu na Mchi (mleta uzi)

Mtunza Data, la Sweden nalikubali mia kwa mia, na nakushukuru kwa kulileta, maana umenisaidia hoja yangu. Halijathibitishwa na modeli, limethibitishwa na ule utaratibu wa kupiga kura na kuhesabu wagonjwa. Modeli nyingi za picha zilisifiwa kabla hazijapitishwa kwenye chujio kama hilo.

Halicin pia nakubali, ni kazi nzuri mno. Ila imepita miaka na bado haijawa dawa ya kuandikiwa mgonjwa. Kompyuta ilipitia molekuli kwa siku chache, kilichobaki ni sumu kwenye figo, kipimo sahihi, inakaa mwilini saa ngapi, nani atagharamia majaribio. Hayo hayaharakishwi na kadi za kompyuta. Ipo dawa nyingine, rentosertib, ya ugonjwa wa mapafu kujaa makovu, ambayo akili mnemba ilisaidia kuchagua protini ya kulenga na kubuni molekuli yenyewe. Matokeo yalitoka Juni 2025: waliopewa dozi ya juu uwezo wa mapafu uliongezeka wastani wa mililita 98.4, waliopewa plasebo, kidonge kisicho na dawa, ulishuka 20.3. Nilisoma nikasimama kwenye kiti. Halafu nikatazama idadi: watu 71, makundi manne, wiki 12. Ni mwanzo unaotia moyo sana na bado ni mwanzo.

Nikutofautishie kidogo. Mwaka 2025 DeepMind walionyesha AlphaEvolve ikipata njia ya kuzidisha matriki (majedwali ya namba) za nne kwa nne zenye namba changamano kwa hatua 48, badala ya 49 zinazotokana na njia ya Strassen ya mwaka 1969. Hapo mtu yeyote anakagua jibu kwa dakika moja, ni hesabu. Kwa hiyo kwenye hesabu na programu akili mnemba itakimbia sana, sitashangaa. Kwangu mimi kukagua kisio moja ni wiki. Kwenye dawa ni miaka. Kwenye paneli za jua ni miaka zaidi: seli za perovskaiti, aina mpya ya fuwele, zilianza 2009 na ufanisi wa kugeuza mwanga kuwa umeme wa asilimia 3.8, leo zikilazwa juu ya silikoni ya paneli za kawaida zimevuka 34, zaidi ya ambacho silikoni peke yake inaweza kufikia hata kinadharia. Swali lililobaki ni kama zitavumilia unyevu na joto miaka 25 juu ya paa. Tunaweza kuzitesa maabara kwa joto kali tukapata fununu. Miaka 25 yenyewe hakuna wa kuikisia.

#6. Muuguzi wa Zamu

Nimesoma yote. Niongeze la wodini kuhusu picha.

Kwenye picha ya kifua huwa kuna herufi ya chuma pembeni, L au R, ya kuonyesha kushoto na kulia. Kila hospitali inaiweka kwa namna yake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walifungua modeli zilizodaiwa kutambua korona kwa eksirei, wakakuta zinategemea sana vitu kama herufi ile na kingo za picha kuliko mapafu. Picha za wagonjwa zilitoka hospitali hizi, za wazima zilitoka hospitali zile, modeli ikajifunza kutofautisha hospitali. Ukiipeleka kwenye hospitali ya tatu inapotea.

Nilifanya kazi mahali walipoleta programu ya kusoma vifua. Wiki ya kwanza ilikuwa inaweka alama nyekundu kwa wazee wengi tuliowapiga picha wakiwa kitandani. Daktari wetu akagundua: mashine ya eksirei inayobebeka hutumiwa kwa wagonjwa mahututi, kwa hiyo programu ikaona picha ya kitandani ikahesabu mgonjwa mahututi. Hatukuitupa. Tulikaa nayo miezi miwili tukiandika kwenye daftari kila ilipokosea na kwa nani, mpaka tukajua pa kuiamini. Daftari lile ndilo lililotufaa kuliko kijitabu kilichokuja nayo.

Na wala sisemi programu hizi hazifai. WHO tangu 2021 inakubali zitumike kuchuja kifua kikuu kwenye eksirei kwa wenye miaka 15 na zaidi, maana zilipimwa kwa ajili ya kazi hiyo. Pasipo na daktari wa kusoma picha, ni msaada mkubwa sana.

#7. Mama Wawili

Habari zenu. Mimi si mwanasayansi, nimefuatilia uzi kimyakimya. Nina mtoto wa miaka tisa mwenye selimundu. Usiku akishikwa na maumivu ya mifupa nakaa naye nampapasa miguu na maji ya uvuguvugu mpaka alfajiri. Kila mtu ananitumia habari kwamba selimundu imepata tiba, ya kurekebisha jeni. Naomba mniambie kweli bila kunificha, imefika wapi? Na hii akili mnemba inahusikaje?

#8. Muuguzi wa Zamu

Pole sana mama. Nitakueleza kama ningekuwa nimekaa nawe.

Tiba ipo na ni ya kweli. Inaitwa Casgevy. Uingereza iliidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba. Kisa chake kinaanza mbali. Mwaka 1948 daktari wa watoto, Janet Watson, aliona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaugui miezi ya mwanzo. Akahisi ni kwa sababu damu yao bado ina himoglobini ya tumboni, ile ya kabla ya kuzaliwa, ambayo haina kasoro. Baadaye mwili unaizima na kuwasha ya ukubwani, na hapo ndipo mateso huanza. Ilichukua mpaka 2008 kujulikana kwamba swichi kuu ya kuizima ni jeni iitwayo BCL11A. Casgevy inatumia mkasi wa kukata jeni uitwao CRISPR kuiharibu swichi hiyo ndani ya seli za uboho, himoglobini ya tumboni inarudi. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Sasa upande mgumu. Seli hutolewa kwenye damu ya mgonjwa, hupelekwa kiwandani, hurekebishwa kwa miezi. Kabla ya kurudishwa lazima uboho wa zamani uuawe kwa dawa kali ya aina ya wanayopewa wagonjwa wa saratani. Nywele zinaanguka, kinga inaisha, mgonjwa analazwa wiki kadhaa, na dawa hiyo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Idhini zile za mwanzo zilikuwa kwa wa miaka 12 na kuendelea. Na Marekani ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa hiyo ukitumiwa habari kwamba selimundu imepona, ni kweli kwa watu wachache mno waliopita njia ngumu mno.

#9. Kinu na Mchi (mleta uzi)

Mama Wawili, swali lako limenikaa kifuani tangu jana. Ngoja nikuonyeshe mahali ambapo kazi ya watu kama mimi inakutana na mtoto wako, maana watu wengi hawapaoni.

Kikwazo si mkasi tena. Mkasi upo. Kikwazo ni gari la kuubeba mpaka kwenye uboho bila kumtoa mgonjwa seli na bila kuua uboho wake. Gari hilo ni suala la malighafi.

Mnakumbuka chanjo za korona za mRNA, ule ujumbe unaoiambia seli itengeneze protini gani. Katalin Karikó na Drew Weissman walitoa makala mwaka 2005 kuonyesha jinsi ya kubadili herufi za mRNA ili mwili usiishambulie. Watu hawakuijali. Karikó alikuwa ameshushwa cheo chuoni miaka kumi kabla. Nobel waliipata 2023. Lakini mRNA tupu ukiidunga inakatwakatwa papo hapo. Inahitaji kitone cha mafuta cha kuifunika, chenye upana wa nanomita 100 hivi, na ndani ya kitone hicho mna mafuta ya aina nne. Moja ni la ajabu, nalipenda kuliko dawa nyingi: kwenye tindikali lina chaji chanya, kwa hiyo linaishika mRNA, kwenye damu linakuwa halina chaji, kwa hiyo halidhuru, seli ikikimeza kitone ndani ya kifuko chenye tindikali, chaji inarudi, kifuko kinapasuka na mzigo unatoka. Watu walitengeneza na kupima mafuta hayo kwa miaka mingi kabla ya korona. Dawa ya kwanza iliyobebwa hivyo iliidhinishwa 2018, ya ugonjwa adimu wa mishipa ya fahamu.

Sasa sikia. Mwaka 2025 huko Philadelphia, mtoto mchanga aliyezaliwa na kasoro inayojaza amonia kwenye damu, ugonjwa unaoua karibu nusu ya wanaozaliwa nao, alitengenezewa dawa ya kurekebisha herufi moja iliyokosewa kwenye jeni yake. Yake peke yake. Kiran Musunuru na Rebecca Ahrens-Nicklas na wenzao waliitengeneza kwa miezi sita, wakampa kwa dripu ndani ya vitone vya mafuta. Hakukatwa, wala uboho wake haukuuawa. Akaanza kuvumilia protini kwenye chakula na dawa zake zikapunguzwa.

Kwa nini yeye iliwezekana na mtoto wako bado? Kwa sababu ugonjwa wake uko kwenye ini. Kitone cha mafuta kikiingia damuni kinavikwa protini ya damu iitwayo ApoE, na ini lina mlango wa kupokea chochote chenye ApoE. Ini linakikaribisha lenyewe. Uboho hauna mlango huo. Kuna makundi mengi ya watafiti leo yanabadilisha mafuta yale, yanabandika alama juu yake za kutambuliwa na seli za uboho, na hapo ndipo akili mnemba inapoingia kwa faida ya kweli: mafuta yanayowezekana kuundwa ni mengi kupita kiasi, modeli inapunguza ya kujaribu kutoka maelfu hadi machache. Kisha mtu anayachanganya, anampa panya, anachukua uboho wa panya, anahesabu seli. Ghala la upimaji huo bado ni dogo. Linajazwa sasa hivi.

Mtunza Data, ukiniuliza modeli zako zielekezwe wapi, nitasema hapo.

#10. Mtunza Data

Nimekuelewa mkuu. Na kusema kweli hilo la ghala linatuuma hata sisi. Maabara zinachapisha mafuta yaliyofanikiwa, yaliyoshindwa yanabaki kwenye madaftari. Modeli inayoona washindi tu haijui kushindwa kunafananaje. Halicin ilifaulu kwa sababu zile sahani 2,335 zilikuwa na zilizozuia na zisizozuia, zote zimeandikwa.

#11. Kinu na Mchi (mleta uzi)

Umesema jambo ambalo ningeweka kwenye kichwa cha uzi. Kwenye kabati langu kuna madaftari tisa, na labda sampuli nane kati ya kumi mle ni za kushindwa. Hakuna jarida lililowahi kuniomba hata moja. Nimeanza kuyaingiza kwenye jedwali, tarehe, unga gani, joto gani, bakuli gani, kilitoka nini. Likikamilika nitaliweka wazi.

#12. Mama Wawili

Ahsanteni wote, sikutegemea kujibiwa hivi. Sasa naelewa kwa nini bado. Wakati tunasubiri hilo gari la kwenda ubohoni, mimi nifanye nini?

#13. Muuguzi wa Zamu

Mama, muulize daktari wenu kuhusu haidroksiyurea kama mtoto hajaanza. Si mpya, na magazeti hayaiandiki. Ni kidonge, na kazi yake nayo ni kuongeza ile himoglobini ya tumboni niliyokueleza. Kwa muda mrefu madaktari waliogopa kuwapa watoto wanaoishi penye malaria. Ndipo ukafanyika utafiti wa REACH, watoto 606 huko Angola, Kongo, Kenya na Uganda, matokeo yakatoka mwaka 2019: mashambulio ya maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, na malaria nayo ikapungua. Atahitaji kupimwa damu mara kwa mara ili dozi iwekwe sawa, usikubali kupewa bila vipimo. Na chanjo zake zote ziwe zimekamilika, hasa ya nimonia. Siku ya kwenda kliniki andika maswali kwenye karatasi, usitegemee kukumbuka ukiwa mlangoni.

#14. Mama Wawili

Aliwahi kuandikiwa akiwa na miaka sita, tukaacha kwa sababu jirani alituambia ni dawa ya saratani. Kliniki ni Jumanne. Nimeshaandika maswali manne.